Human League, albamu ya Dare (1981): naisikiliza mara ya kwanza, nianzie wapi?

Mpendarumba

Wakuu, habari za jioni. Nataka kuisikiliza Dare ya Human League yote, mwanzo hadi mwisho. Ninachokijua ni Don't You Want Me tu, kama watu wengi. Masikio yangu yamezoea dansi: gitaa la solo, gitaa la rithim, besi, tumba, halafu wimbo unachemka kwenye sebene. Nimeonja nyimbo mbili tatu za humu nikaona ngoma hazipumui na wimbo hauchemki. Nadhani tatizo ni namna ninavyosikiliza, si muziki wenyewe.

Naomba mnisaidie haya. Kwenye programu ya muziki yapo matoleo kadhaa, lipi ni lenyewe? Nina simu, hedifoni za waya na spika ndogo ya Bluetooth, bando si kubwa. Je, mpangilio wa nyimbo una maana au naweza kurukaruka? Na kwenye ngoma za mashine mtu anasikiliza nini hasa?

Fundi Waya

Mkuu, nianze na vifaa.

Spika ya Bluetooth iache kwa leo. Nyingi zina koni moja, au mbili zilizobanana, kwa hiyo kushoto na kulia vinachanganyika. Nyingi pia hututumua besi ya katikati ili zionekane kubwa kuliko zilivyo. Besi ya sintesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) ikitutumuliwa namna hiyo inaimeza ngoma ya mguu, nawe utasema ngoma ni dhaifu. Hedifoni za waya, hata za bei ya chini, zitakupa picha ya kweli zaidi.

Kabla hujabonyeza, pitia mipangilio. Kwenye sehemu ya ufikivu ya simu, hakikisha sauti ya mono, ile inayounganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, imezimwa. Kuna simu huwa imewashwa na mwenyewe hana habari. Ikwalaiza iache bapa, usiongeze besi. Ile huduma ya kupishanisha nyimbo, wimbo mmoja ukififia huku mwingine unaingia, irudishe kwenye sekunde 0. Ndani ya albamu hii kuna kipande cha dakika moja tu, Get Carter, na ukipishanisha kwa sekunde 10 kila upande umekila theluthi. Zima kuchanganya nyimbo. Zima pia uchezaji wa kuendelea wenyewe, la sivyo Don't You Want Me ikiisha programu itakubandikia wimbo wa bendi nyingine kabla hujavuta pumzi.

Bando: albamu ni kama dakika 40. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde inakula karibu MB 96, kwa 160 ni MB 48, kwa 96 ni chini kidogo ya MB 30. Ipakue kwanza ndipo usikilize, kwa sababu mtandao ukiyumba programu nyingi hushusha ubora kimyakimya. Kama huwezi yote, chukua 160. Kwenye 96 vitu vya juu, kama makofi na kofia ya ngoma (hi-hat, yale matoazi mawili madogo yanayogongana), huanza kutoa mlio wa majimaji, na humu vimejaa tele.

Toleo: chukua lenye nyimbo 10 tu, linaloanza na The Things That Dreams Are Made Of na kuishia na Don't You Want Me. Ukiona zaidi ya 10 ujue kuna nyongeza. Toleo moja la CD limefungwa pamoja na albamu ya rimiksi, Love and Dancing. Nyongeza si mbaya, ila mwisho wa Dare ulipangwa uwe mwisho. Toleo la Marekani huandikwa Dare! kwa alama ya mshangao. Yaliyomo ni yale yale.

Sauti ipime kwenye wimbo wa kwanza, mwimbaji asikike kama mtu anayezungumza nawe mezani, kisha usiiguse tena.

Bi Kigoda

Fundi kamaliza vifaa, mimi niseme kidogo kuhusu hao wenyewe, maana bila hilo utashangaa kwa nini wanaimba walivyoimba.

Human League ni ya Sheffield, mji wa chuma kaskazini mwa Uingereza. Albamu mbili za mwanzo, Reproduction (1979) na Travelogue (1980), ni kavu na nzito. Mwishoni mwa 1980 bendi ikagawanyika: Martyn Ware na Ian Craig Marsh, ndio waliokuwa mafundi wa mashine, wakaondoka na kuanzisha Heaven 17. Philip Oakey akabaki na jina, na Philip Adrian Wright, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha picha za slaidi jukwaani. Ziara ilikuwa tayari imeshapangwa. Oakey akawachukua wasichana wawili wa shule aliowaona wakicheza disko klabu ya Crazy Daisy, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley. Hawakuwa wamewahi kuimba kama kazi. Baadaye wakaongezeka Ian Burden, mpiga besi, na Jo Callis, mpiga gitaa kutoka The Rezillos, kundi la panki la Edinburgh.

Sasa zingatia hapo: mpiga gitaa na mpiga besi, halafu albamu haina gitaa hata moja. Walikabidhiwa sintesaiza. Ndiyo maana nyimbo zimejengwa kwa vijisehemu vifupi vya noti chache ambavyo mtu asiye bingwa wa kinanda anaweza kuvipiga, na ndivyo vinavyokaa kichwani.

Mtayarishaji ni Martin Rushent, aliyekuwa ametengeneza rekodi za The Stranglers na Buzzcocks, kwenye studio yake ya Genetic, Berkshire. Dare ikatoka Oktoba 1981 kwa kampuni ya rekodi ya Virgin na ikafika namba moja Uingereza.

Mpangilio una maana, lakini ni mpangilio wa santuri: nyimbo 5 upande wa kwanza, 5 upande wa pili. Kwa hiyo sikiliza wa 1 hadi wa 5, pumzika, kachemshe chai ukitaka, kisha wa 6 hadi wa 10. Get Carter ipo pale kufungua upande wa pili, na ukiipokea bila mapumziko itakuwa kama kitu kilichoanguka njiani. Ni muziki mkuu wa filamu ya jina hilo hilo ya mwaka 1971, uliotungwa na Roy Budd, hapa umepigwa kwa sauti moja nyembamba ya kinanda kidogo. Haina ngoma. Usidhani faili limeharibika.

Besi Nzito

Nimesubiri swali la ngoma.

Hazipumui kwa sababu mpiga ngoma hayupo. Kinachosikika ni Linn LM-1, mashine aliyoitoa Mmarekani Roger Linn mwaka 1980. Ilikuwa ya kwanza sokoni kubeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu. Za kabla yake zilitengeneza mlio wa umeme unaofanana na ngoma kwa mbali. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na zilitengenezwa kama 500 tu.

Mambo matatu ya mashine hii yanaeleza nusu ya unachokisikia.

Kwanza, ngoma ya mkono, ile ya nyaya, ina rekodi moja. Kila pigo ni pigo lile lile. Mtu akipiga, hakuna mapigo mawili yanayofanana, na hiyo ndiyo pumzi unayoitafuta. Usiitafute hapa, haimo.

Pili, haina matoazi makubwa. Kumbukumbu ya chipu ilikuwa ghali, na toazi likipigwa mlio wake unadumu sekunde kadhaa, ungekula nafasi ya ngoma zote. Ndani mna ngoma ya mguu, ya mkono, kofia, tomu, konga, tari, kabasa, kengele, vijiti na makofi. Mpiga ngoma wa dansi anapotaka kukuambia kibwagizo kimefika, hupiga toazi. Rushent hakuwa nalo, ikabidi aeleze kwa njia nyingine: makofi yanaingia, au tomu zinateremka, au sintesaiza mpya inafunguka. Hapo ndipo masikio yako yakae.

Tatu, kila sauti ilikuwa na kitufe chake cha kupandisha au kushusha mlio, na tundu lake la kutolea sauti. Kwa hiyo tomu moja inaweza kusikika kama ngoma ya futi mbili au kama kopo, na kila moja ikapitishwa kwenye mwangwi wake. Ndiyo maana ngoma ngumu hizi hazichoshi haraka.

Upande wa sintesaiza, sehemu kubwa iliendeshwa na Roland MC-8, kompyuta ndogo ya kutungia muziki ya mwaka 1977. Hupigi kinanda, unaandika namba. Kila noti ina namba ya mlio, namba ya hatua (noti inayofuata ianze baada ya muda gani) na namba ya mlango (sauti ibaki wazi kwa muda gani). Ukiacha hatua kama ilivyo na kufupisha mlango, besi inakatika katika kama inavyosikika kwenye albamu nzima. Ukikosea tarakimu moja ya hatua, kila kinachofuata kwenye njia hiyo kinasogea, na mstari mzima unapishana na ngoma. Kazi ya kuchosha, ila matokeo yake besi na ngoma ya mguu vinatua pamoja mahali ambapo vidole vya mtu vingechelewa kidogo.

Mkuu Mpendarumba, mchemko upo. Kwenye sebene wapigaji wanakaza mikono na gitaa linapanda. Hapa mdundo unabaki pale pale, tabaka ndizo zinazoongezwa na kuondolewa. Jaribu hivi kwa Love Action: mara ya kwanza fuata besi peke yake hadi mwisho. Mara ya pili iache besi, fuata vile visauti vifupi vinavyojibu kila baada ya mstari wa mwimbaji. Mara ya tatu hesabu ni wakati gani kitu kipya kinaingia. Wimbo una karibu dakika 5 na karibu kila baada ya mizunguko michache kuna jambo limebadilika.

Mpendarumba

Besi Nzito, asante sana, hapo kwenye matoazi nimeelewa kilichokuwa kinanikera. Nilikuwa nangoja pigo ambalo haliji.

Swali dogo: mwimbaji naye mbona kama anasoma tangazo? Na wale kina dada hawapandi juu kabisa.

Bi Kigoda

Oakey ana sauti ya chini, nzito, na haipambi. Hapindishi noti wala hatetemeshi. Mashine zikiwa zimenyooka namna hii, mwimbaji wa madoido mengi angeonekana kavaa nguo ya harusi sokoni. Sauti ya wimbo mkubwa, Don't You Want Me, Rushent alimrekodia chooni studio, kwa ajili ya mwangwi wa vigae.

Kina dada kwenye vibwagizo mara nyingi wanaimba kama wasichana wawili wanaofuata wimbo klabu, si kama kwaya. Ni makusudi. Pale Susan anapoingia na ubeti wake kwenye Don't You Want Me, sikiliza ukavu wa sauti. Mwanamume kamaliza kumkumbusha kwamba alimtoa kwenye kazi ya uhudumu wa baa akamfanya nyota, na kwamba anaweza kumrudisha alikotoka. Dada anajibu bila kupaza: ni kweli nilikuwa mhudumu, lakini hata bila wewe ningefika. Mwimbaji wa kulia machozi angeuharibu.

Watu wanauweka kwenye orodha za nyimbo za mapenzi. Oakey mwenyewe ameeleza kwamba hausemi mapenzi, unasema nguvu kati ya watu wawili. Ukisikiliza kibwagizo ukijua hivyo, kinatisha kidogo.

Kona ya Pili

Bi Kigoda, kwa heshima zote, sikubaliani na kumwambia mgeni aanze na wa 1 hadi wa 5. Upande wa kwanza unamaliza na Darkness na Do or Die, na hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa. Do or Die peke yake ina zaidi ya dakika 5. Kwa sikio la dansi ningemwambia aanze na The Sound of the Crowd, kisha Love Action, kisha Open Your Heart, ndipo arudi mwanzo. Hizo tatu ndizo zilizotoka kama singo kwa mfuatano mwaka 1981, na zilipanda Uingereza hadi namba 12, namba 3 na namba 6. Wasikilizaji wa wakati ule walizijua kabla albamu haijatoka. Hakuna aliyeifungua Dare akiwa mgeni kabisa.

Bi Kigoda

Hoja nzuri hiyo ya singo, sikuwa nimeitazama hivyo. Lakini Darkness nitaitetea: ni ya mtu anayeogopa giza, na ile sauti ya chini inayotambaa ndiyo hadithi yenyewe. Ukiisikiliza mchana kwenye daladala haina maana. Taa zizimwe.

Na msimruhusu aruke Seconds. Hiyo inamsemesha aliyempiga risasi rais Kennedy, Dallas, 1963. Ngoma yake ni nzito kuliko zote humu, maneno ni machache, na yanarudiwa mpaka yanauma.

Besi Nzito

Seconds ndiyo wimbo bora wa albamu. Kwangu mjadala umefungwa.

Santuri na Sindano

Kama kuna atakayeipata kwa santuri, jihadhari na jambo moja. Don't You Want Me ni wimbo wa mwisho wa upande wa pili, karibu kabisa na kitovu. Santuri huzunguka kwa kasi ile ile, mizunguko 33⅓ kwa dakika, lakini mfereji wa ndani ni mfupi kuliko wa nje, kwa hiyo sindano inapitia mawimbi yale yale kwenye nafasi iliyobanwa. Herufi za "s" na "sh" zinakwaruza. Kwa hiyo wimbo maarufu kuliko wote uko mahali pabaya kuliko pote.

Kabla hujailaumu santuri, safisha sindano kwa brashi laini kutoka nyuma kwenda mbele, pima uzito wa mkono kama kitabu cha katriji (kile kipande kinachobeba sindano) kinavyoelekeza (nyingi za kawaida ni gramu 1.5 hadi 2), kisha hakikisha katriji imekaa sawa kwenye kichwa. Uzito mdogo mno ndio unaokwaruza na kuharibu mfereji zaidi, ingawa wengi huogopa ule mkubwa. Ukinunua iliyotumika, usijaribu wimbo wa kwanza, jaribu huo wa mwisho. Ukiwa safi, santuri nzima ni safi.

Jalada la asili ni jeupe, sura zimekatwa karibu karibu, limeigwa kwenye majalada ya gazeti la mitindo la Vogue. Rangi nyeupe hushika madoa upesi, usishangae.

Mpendarumba

Nimewapata. Sasa kuna ndugu mmoja kaniambia hii si New Wave, ni pop ya sintesaiza tu. Na Love and Dancing aliyoitaja Fundi, niisikilize lini?

Kona ya Pili

Jina linategemea ulikuwa wapi. New Wave lilianza kama jina la bendi zilizotoka kwenye panki zikalainika, nyingi za gitaa. Marekani likapanuka likachukua karibu kila Mwingereza mwenye sintesaiza na nywele za ajabu. MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilianza Agosti 1981 ikawa na njaa ya video, na Waingereza walikuwa nazo. Ya Don't You Want Me aliiongoza Steve Barron, ikapigwa usiku wa mvua huko Slough. Uingereza wimbo ulikaa namba moja wiki 5, Krismasi ikiwemo. Marekani ukafika namba moja Julai 1982. Kisa chake ni kwamba Oakey aliuona dhaifu, ndiyo maana akauweka mwisho, na hakutaka utolewe kama singo. Virgin wakasisitiza.

Kwa hiyo ndugu yako yuko sahihi, nawe pia. Duka la muziki lingeiweka popote.

Besi Nzito

Love and Dancing (1982) isikilize siku nyingine, si usiku huo huo, maana ni nyimbo zile zile zimefumuliwa na utachanganya nini ni cha wapi. Jina la msanii limeandikwa The League Unlimited Orchestra, kwa kumtania Barry White na orkestra yake ya Love Unlimited. Ni Rushent karibu peke yake, anafanya kwa Dare walichokuwa wakifanya mafundi wa dub wa Jamaika: anaondoa sauti za watu, anaacha ngoma na besi, anatupa mwangwi, anakata utepe kwa wembe na kuunga vipande kwa gundi. Pale panaposikika neno moja likidunda mara nane, hakuna kitufe kilichofanya hivyo, ni vipande vya utepe vilivyoungwa kwa mkono kimoja kimoja.

Wewe uliyezoea sebene huenda ukaipenda kuliko Dare yenyewe, kwa sababu ni sehemu ya kuchezea tupu. Ukimaliza hiyo, tafuta Penthouse and Pavement ya Heaven 17, iliyotoka Septemba 1981. Ni wale waliofukuzana na Oakey, wametoka mwezi mmoja kabla yake, na wao wana besi ya vidole na gitaa ya mtu mwenye damu.

Fundi Waya

Nyongeza moja: Love and Dancing ina mwangwi mrefu unaokwenda kushoto na kulia. Ile mono ikiwashwa kwa bahati mbaya, utaona nusu ya kazi imepotea. Angalia tena kabla ya kubonyeza.